Kikombe cha Nyuzi 24 Hakiingii Kwenye Raleigh, Hata Kikiingia

Jumanne iliyopita kijana mmoja wa Sikonge aliniletea baiskeli aina ya Raleigh ya marehemu babu yake hapa karakanani kwangu, Ng'ambo, Tabora. Ameikokota toka stendi kwa sababu haiendesheki. "Shikamoo fundi. Pedali zinacheza. Kuna fundi kaweka kikombe kipya, lakini hakitulii." Nikaigeuza matairi juu, nikashika krenki, ule mkono wa pedali, na kuitikisa. Ikacheza kama jino la mtoto lililobakiza siku moja.

Niling'oa kotapini, ile pini inayoshika krenki kwenye ekseli, nikatoa krenki ya kushoto, nikalegeza ringi inayofunga kikombe. Kikombe cha kushoto, yaani kile kibakuli cha chuma kinachofungwa kwa skrubu ndani ya fremu na kushika gololi za ekseli ya pedali, kikatoka kwa vidole, bila spana. Pamoja nacho vikadondoka kwenye gazeti vipande vyembamba vya chuma vilivyojikunja, vinang'aa, kama maganda ya penseli iliyochongwa. Nilimwita kijana aje aone. Nikamwambia, hizi ni nyuzi, ile mikato ya skrubu, za fremu ya babu yako.

Hii ni Raleigh ya nne kunifikia hivyo mwaka huu. Na kila nikiuliza ilikuwaje, jibu ni lilelile: "Lakini kiliingia, fundi." Sasa naandika, ili nisiendelee kulieleza jambo hili mmoja mmoja huku nimeshika chuma kilichokufa.

Kiliingia, ndiyo. Nieleze kwa nini kiliingia, maana hapo ndipo watu wanapopotea.

Vikombe vingi vinavyouzwa madukani kwetu ni vya nyuzi 24 kwa inchi, kipimo ambacho mafundi wengi wanakiita BSA, kwa jina la kiwanda cha Kiingereza. Raleigh ya Nottingham, Uingereza, ilikata nyuzi zake yenyewe, 26 kwa inchi. Upana wa tundu unakaribiana mno: cha BSA ni inchi 1.370, yaani milimita 34.8, na cha Raleigh ni inchi moja na tatu ya nane, milimita 34.9. Kwa macho hutofautishi. Kwa mkono hutofautishi. Unaweka kikombe, kinashika, kinazunguka mzunguko wa kwanza na wa pili laini kabisa, na fundi anafurahi.

Sasa piga hesabu. Inchi ni milimita 25.4. Ukigawa kwa 24, toka uzi mmoja hadi mwingine ni milimita 1.06. Ukigawa kwa 26, ni milimita 0.98. Tofauti ni 0.08 tu, unene wa karatasi ya daftari. Lakini tofauti hiyo haikai mahali pamoja, inajumlika. Uzi wa pili umepishana kwa 0.16, wa tatu kwa 0.24, na ukifika wa sita umepishana karibu nusu milimita. Nusu milimita ni nusu ya uzi mzima. Maana yake mgongo wa uzi wa kikombe umekalia mgongo wa uzi wa fremu, na hakuna bonde la kuingia. Hapo ndipo kikombe kinakaza. Fundi anaona kimekaza, anasema safi, kimebana. Kama bado kimebaki nje anachukua spana, anaongeza bomba la futi mbili kwenye mkono wa spana, anasukuma. Kikombe kimetengenezwa kwa chuma kigumu ili gololi zisikile. Fremu ni chuma laini kuliko hicho. Nani atashinda? Kikombe kinanyoa fremu, kinaingia, kinakaa siku tatu. Halafu kinaanza kucheza.

Kwa hiyo kukaza si dalili ya kufaa. Kikombe cha saizi yake kinaingia kwa vidole tangu uzi wa kwanza hadi wa mwisho, kama fremu ni safi. Spana ni ya kufunga mwisho tu. Kikidai spana mapema, acha. Toa. Safisha nyuzi kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, jaribu tena. Kikidai tena, hicho si chake.

Namna ya kujua kabla hujaharibu: chukua kikombe cha zamani ulichotoa na kipya ulichonunua, viweke ubavu kwa ubavu nyuzi zikiumana, kisha vinyanyue uelekeze dirishani. Vikiwa ndugu vinaumana kama zipu na mwanga haupiti. Visipokuwa ndugu utaona mstari mwembamba wa mwanga unaokua kadiri macho yanavyokwenda pembeni. Hujanunua geji, hujalipa senti. Mzee aliyenifundisha kazi alinionyesha hivi nikiwa bado naziba pancha. Kama una kalipa, pima pia urefu wa lile bomba ekseli ya pedali inapopita: fremu za BSA mara nyingi ni milimita 68, Raleigh za nyuzi 26 nyingi ni 71 au 76.

Na usisome nembo ukadhani umesoma nyuzi. Raleigh ilinunua Humber mwaka 1932, Rudge-Whitworth mwaka 1943, na baiskeli za BSA mwaka 1957. Kwa hiyo unaweza kukutana na fremu yenye nembo ya BSA mbele lakini imezaliwa Nottingham na ina nyuzi za Nottingham. Upande mwingine, Raleigh za mbio zilizotoka karakana nyingine zinaweza kuwa na 24. Pima kila mara. Shingo ya uma ni hadithi hiyohiyo, 24 na 26, sirudii. Kikombe cha kulia kinafunguliwa kinyume, kwa kuzungusha kuelekea saa inakokwenda. Wanaosahau hilo wanavunja spana.

Sasa niseme jambo ambalo linanisumbua mwenyewe. Nyuzi za Raleigh zikiisha na kikombe chake hakipatikani, ufanyeje? Kuna njia ya kupitisha tapu, chombo cha kukatia nyuzi, ya 24 juu ya 26, ukakata nyuzi mpya, ukapunguza ubavu wa bomba, ukaweka ekseli ya madukani. Nimefanya mara mbili. Moja inabeba mkaa hadi leo. Nyingine ililegea baada ya msimu mmoja wa mvua, mwenyewe akarudi, na sikuwa na la kumwambia zaidi ya pole. Mwanzoni nilikuwa nasema haifai kabisa. Siku hizi nasita. Baiskeli inayotembea na nyuzi zisizo zake, na baiskeli yenye asili yake iliyoning'inia ukutani, mtu wa Sikonge anahitaji ipi? Najua jibu la mtu anayekusanya baiskeli za kale. La mtu anayelima tumbaku sina uhakika kama nina haki ya kumjibia.

Kwa hii ya kijana nilikuwa na bahati. Kikombe kigeni kilikuwa kimenyoa nyuzi nne za nje tu, za ndani zilikuwa hai. Nina kikombe cha Raleigh cha zamani ambacho nilikichonga mifereji minne kwa jiwe la kusagia. Nakitumia kama tapu ya kusafishia, maana ni kigumu na kina nyuzi zilezile. Nikakipitisha kwa mkono, robo mzunguko mbele, nyuma kidogo, mafuta, tena. Kazi ya saa moja na nusu. Halafu kikombe cha kushoto kutoka kwenye fremu iliyokatika niliyoinunua Urambo kama chuma chakavu. Gololi mpya za robo inchi, kumi na moja kila upande, grisi. Kikombe cha kulia sikukigusa, ni kile baiskeli ilichotoka nacho kiwandani, njia ya gololi bado ni kioo.

Na ilitoka kiwandani lini? Jibu liko kwenye habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu. Baiskeli hii ina gia tatu za ndani ya habu, za kiwanda cha Sturmey-Archer, aina ya AW, ambazo kwa huku kwetu huzioni kila siku. Ilikuwa imefunikwa na grisi kavu na vumbi jekundu, imekuwa kama udongo wa kichuguu. Niliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaendelea kwa ukucha wa kidole gumba, na taratibu zikatokea herufi AW, halafu namba mbili: 57, na pembeni 8. Kiwanda kilikuwa kinagonga mwaka na mwezi kwenye ganda la habu. Agosti 1957. Kijana alikuwa amechuchumaa pembeni yangu. Akasema, "Baba alizaliwa huo mwaka." Akanyamaza. Nami nikanyamaza, nikaendelea kufuta.

Ile grisi nayo ilikuwa kosa. AW inataka mafuta mepesi, yanaingizwa kwenye kile kitundu chenye kifuniko kidogo katikati ya habu. Ukiijaza grisi, vile vimeno vidogo vya ndani vinaganda, haviinuki, na gia inateleza. Watu wanasema habu imekufa. Niliiosha, nikaweka mafuta kijiko kimoja, ikaamka.

Gurudumu la nyuma spoku 40, la mbele 32, ndivyo Waingereza walivyofunga, na kwa mizigo ya huku ni akili. Usiniletee rimu ya matundu 36 mbele na nyuma kwa sababu ndiyo iliyopo. Tairi si tatizo: 28 kwa moja na nusu, ile ya rimu ya milimita 635, ipo kila duka la spea hapa mjini kwa kuwa baiskeli za India na China zimebaki na saizi hiyo. Breki za fimbo, nyoosha, weka raba mpya, basi.

Kijana aliuliza kuhusu rangi, kama wote. "Fundi, si tuipige rangi ing'ae?" Nikamwambia hapana, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Rangi nyeusi ya kiwandani ilichomwa kwenye tanuri. Chini ya uchafu bado ipo, na mistari ya dhahabu bado ipo kwenye madigadi, myembamba kama unywele. Ukiipiga msasa imeondoka, na hakuna mtu Tabora, nami nikiwemo, atakayeirudisha. Nilitumia sabuni, maji, kitambaa cha pamba, kisha nta ya nyuki. Kwenye kromu ya usukani, karatasi ya aluminiamu na maji. Unasugua kutu inatoka kama matope ya kahawia na kromu inabaki. Sahani ya meno ilipokuwa safi, wale korongo watatu waliokatwa ndani yake wakaonekana. Kijana hakuwahi kujua kama kuna ndege pale. Amepanda baiskeli ile tangu utoto.

Kitu kimoja tulibishana kweli, nacho ni kerea, kile kibebeo cha mizigo cha nyuma. Ile ya kiwandani haipo. Iliyopo ni ya nondo, imechomelewa na mtu wa huku miaka mingi iliyopita, nzito, ina kulabu mbili za kufungia madebe. Mtu anayefuata kitabu ataing'oa, atatafuta ya Nottingham. Debe la lita 20 likijaa asali lina kama kilo 28. Babu yake alikuwa anapakia mawili, kilo 56, kutoka porini hadi mnadani. Kerea ya kiwandani isingefika. Kijana alitaka niitoe kwa sababu "haifanani na picha za mtandaoni". Mimi nilikataa kuitoa, nikamwonyesha nta iliyoingia kwenye kona za nondo, nyeusi, ngumu, ambayo hata mafuta ya taa hayakuitoa yote. Nilimwambia hiyo imekaa kwenye baiskeli hii miaka mingi kuliko aliyoishi yeye, ni yake kama korongo walivyo wake. Alifikiri kidogo, akasema iache.

Sina uhakika kama hapo nilikuwa fundi au nilikuwa mzee anayeingilia ya watu. Kikombe cha nyuzi 24 nakikataa na kerea ya nondo naikubali, na zote mbili hazikutoka Nottingham. Tofauti ninayoiona ni kwamba aliyechomelea kerea hakuvunja kitu. Nati zake nne zikifunguliwa, fremu iko vilevile. Aliyeingiza kikombe alikula fremu.

Atakuja kuichukua Jumamosi. Kotapini nimezichonga upya kwa tupa, moja inatazama juu na nyingine chini ili pedali zikae mkabala, na nilipozigonga niliweka kipande cha bomba chini ya krenki hadi sakafuni, la sivyo pigo la nyundo linakwenda kwenye gololi na kuchimba vikombe. Kotapini mpya hulegea baada ya kilomita chache za kwanza. Nimemwambia aizungushe hadi Isevya na kurudi kabla ya kuondoka, nizigonge mara ya pili na kukaza nati.

Nawe unayekwenda dukani kununua vikombe, nenda na kile cha zamani mfukoni.