Geji za gari la kale: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Paneli ya zamani ya geji, yaani vipimo vya mbele ya dereva, ikitua kwenye meza ya fundi huko Nyakato, Mwanza, imechomolewa kwenye gari lisilojulikana, kila apitaye ana jibu. Majibu mengi hayana msingi.

"Imeandikwa Smiths, basi ni ya Land Rover." Jina la usoni ni la aliyetengeneza geji. Smiths wa Uingereza waliziuza kwa Land Rover, na pia kwa Morris, Austin na Triumph. Jaeger utaikuta kwenye Jaguar na kwenye Peugeot. VDO ni ya Mjerumani, Veglia ya Mtaliano, Nippon Denso na Kanto Seiki za Wajapani. Jina linakusogeza karibu na nchi, basi.

Tafuta namba. Kwenye Smiths iko chini kabisa ya uso, kwa herufi ndogo mno: SN ni spidomita, BT ni geji ya joto. Chukua tochi na kioo cha kukuzia, na usifute uso kwa petroli wala thina, maana herufi hutoka pamoja na vumbi. Brashi laini inatosha. VDO mara nyingi hugonga mwezi na mwaka, mfano 8.67, lakini huo ni umri wa geji. Gari linaweza kuwa la mwaka uliofuata. Toyota hutumia 83100 au 83800 na tarakimu tano nyingine, na mbili za mwanzo za kundi hilo la pili huelekeza kwenye gari: 60 kwa kawaida ni Land Cruiser, 35 Hilux, 12 Corolla. Kwa Nissan tafuta 24810 au 24820.

"Ina maili, ni ya Mwingereza." Waingereza waliuza nje magari ya kilomita, na Wajapani walipeleka ya maili Marekani. Achana na dalili hiyo.

"Waya mwekundu ni wa betri." Hapa watu wengi huunguza vitu. Kama paneli imekuja na kipande cha nyaya, usikikate, kwani huenda ndicho ushahidi bora ulio nao. Kwenye mfumo wa Lucas, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari wa Uingereza, kahawia ndiyo ya betri, nyeupe hutoka swichi ya funguo, kijani hulisha geji, kijani chenye mstari mweusi huenda kwenye tanki la mafuta, kijani chenye mstari wa bluu kwenye kipima joto cha injini, na nyekundu yenye mstari mweupe huwasha taa za paneli. Ukiziona rangi hizo pamoja, gari karibu hakika ni la Mwingereza. Kumbuka pia kwamba magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalikuwa na upande chanya wa betri umefungwa kwenye bodi.

"Gusisha betri uone kama geji ni nzima." Geji nyingi za Smiths za kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hulishwa volti 10 kupitia kidhibiti kidogo nyuma ya paneli. Dalili yake ni mshale unaopanda taratibu. Ukiipa volti 12 moja kwa moja itasoma juu kuliko kweli, na waya wa joto ndani unaweza kuungua. Betri nne za tochi, jumla volti 6, zinatosha kuusogeza mshale. Geji ya joto yenye mrija mwembamba wa shaba haihitaji umeme hata kidogo, na mrija ukikatwa imekufa, kwa kuwa kimiminika kilichofungiwa ndani kimetoka. Kwenye chuma chakavu nyingi zimeshakatwa.

"Spidomita yoyote itafanya kazi mradi kebo iingie." Kebo hiyo hutoka giaboksi na huizungusha spidomita. Za Kijapani kwa kawaida huhitaji mizunguko 637 ya kebo kwa kilomita; nyingi za Ulaya 1,000. Kwenye Smiths idadi huandikwa usoni kwa maili moja, mfano 1280. Funga ya 1,000 kwenye giaboksi ya 637, na ukikimbia kilomita 100 kwa saa itaonyesha kama 64. Mtu atashuka na kasi hiyo kuelekea Usagara akiamini anatembea polepole.

Kama idadi hiyo imefutika, chonga msumari uwe na pembe nne, uingize kwenye tundu la kebo, uzungushe kwa mkono huku ukihesabu. Gurudumu la mwisho la namba za umbali likiwa la sehemu ya kumi ya kilomita, litasonga hatua moja kwa takriban mizunguko 64 au 100. Pima hatua tano, ugawanye kwa tano. Ukiona halisongi, geuza upande.

"Rangi ya mishale haing'ai gizani tena, haina madhara." Baadhi ya geji za kale, hasa za magari ya jeshi ya Vita Kuu ya Pili, zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi. Mng'ao ulikufa kwa kuwa kemikali inayotoa mwanga ilichoka, lakini radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Hatari kubwa ni unga wake kuvutwa puani au kumezwa. Usifungue kioo, usikwangue, usipulize kwa kompresa; ifunge kwenye mfuko, nawa mikono, na uwaulize Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kabla ya kumpa fundi mwingine.