Mwaka wa kwanza wa mwogeleaji chuoni Marekani: wanayosema watu na yalivyo

Mwogeleaji anayeingia chuo kikuu Marekani hufika mwezi Agosti akiwa amejiandaa kwa jambo moja tu: maji. Ameambiwa mazoezi ni makali, kwa hiyo likizo nzima ameishinda bwawani. Maji hayo atayazoea. Kinachowayumbisha wengi kiko nchi kavu, na mara nyingi kinaanzia kwenye maneno waliyoambiwa na watu wenye nia njema wasio na habari kamili.

"Kuogelea ni kuogelea, bwawa ni lile lile"

Silo. Mashindano ya vyuo chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, huogelewa kwenye bwawa la yadi 25, yaani mita 22.86. Aliyelelewa kwenye bwawa la mita 50 huiona tofauti siku ya kwanza. Katika mita 1500 za bwawa refu unageuka mara 29. Katika yadi 1650, ambazo ndizo mbio zinazokaribiana nazo, unageuka mara 65. Mita 400 hakuna, kuna yadi 500. Tena sheria inakuruhusu kubaki chini ya maji hadi mita 15 baada ya kuruka na baada ya kila kugeuka (mtindo wa chura una kanuni zake), kwa hiyo mwenye mateke mazuri anaweza kumaliza karibu theluthi mbili ya bwawa kabla kichwa hakijatokeza. Mwenye mikono mizuri na mgeuko mbovu atapitwa na watu ambao kwenye bwawa refu angewaacha.

Basi usilinganishe saa. Caeleb Dressel, Mmarekani aliyekuwa Chuo Kikuu cha Florida, aliogelea yadi 50 kwa sekunde 17.63 mwaka 2018. César Cielo, Mbrazili aliyepitia chuo cha Auburn, aliogelea mita 50 kwa sekunde 20.91 mwaka 2009. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema Cielo alikuwa goigoi. Lakini mwanafunzi mpya huweka muda wake wa mita kando ya muda wa yadi wa mwenzake wa chumbani, akakosa usingizi bure.

"Sheria inasema saa 20 kwa wiki, nitabaki na muda tele"

Nusu ya sentensi hii ni kweli. Katika Divisheni ya I, ngazi ya juu kati ya tatu za NCAA, wakati wa msimu, timu haiwezi kumtumikisha mchezaji zaidi ya saa 4 kwa siku na 20 kwa wiki, na lazima apewe siku moja ya mapumziko. Ujanja uko kwenye kinachohesabiwa. Siku ya mashindano huandikwa saa 3, hata kama uliondoka asubuhi ukarudi usiku. Safari haimo. Kulala kwenye kitanda cha mtaalamu wa viungo huku bega limefungwa barafu hakumo. Mazoezi ya hiari hayamo, na mgeni hugundua upesi kwamba neno "hiari" lina uzito wa aina yake pale wenzake wote wanapohudhuria. Kuoga ili kutoa klorini na kukausha nywele wakati wa baridi ili usiingie darasani ukitona maji, hilo nalo ni juu yako.

Sasa weka masomo. Ili ufanye mazoezi na kushindana lazima uwe mwanafunzi wa muda wote, ambayo kwa kawaida ni krediti 12 kwa muhula. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, anadaiwa hivyo hivyo na uhamiaji, wala hawezi kukimbilia masomo ya mtandaoni: katika hesabu hiyo linakubaliwa darasa moja tu la namna hiyo, au krediti 3, kwa muhula. Krediti 12 ni kama saa 12 za darasani kwa wiki, na kanuni inayotajwa sana vyuoni ni saa 2 za kujisomea kwa kila saa ya darasani. Hizo ni 36. Jumlisha 20 upate 56, nasi hatujagusa basi la timu, barafu wala mlo. Hapo ndipo maji yanapozidi unga, na kwa mara moja msemo huo unamfaa mtu jinsi ulivyo.

Ushauri wangu ni wa kuchosha lakini unafanya kazi: wiki ya kwanza andika kila saa inakokwenda, usiandike unavyotamani iende. Kisha nenda kwa mshauri wa masomo na karatasi hiyo kabla dirisha la kubadilisha madarasa halijafungwa. Darasa la maabara linalogongana na mazoezi ya alasiri ni rahisi kulihamisha Agosti. Oktoba huwezi tena.

"Wahadhiri watanielewa, mimi ni mchezaji"

Wengine watakuelewa. Idara ya michezo hutoa barua ya safari, na barua hiyo humwarifu mhadhiri kuwa hutakuwepo. Haikuandikii insha wala haikufanyii jaribio. Anayesaidiwa zaidi ni yule aliyekwenda wiki ya kwanza na kalenda ya mashindano mkononi, akaiweka kando ya ratiba ya mitihani, akauliza mwenyewe: "Tarehe hizi mbili zinagongana, nifanyeje?" Anayetuma ujumbe Alhamisi usiku akiwa tayari ndani ya basi huonekana kama anatoa taarifa, haombi.

"Novemba muda wangu ni mbovu, basi nimekwisha"

Hii ndiyo dhana inayowaumiza watu kuliko zote.

Fikiria mwili umetoka wapi. Nyumbani wengi walifanya mazoezi ya viungo mepesi. Chuoni wanakuta ratiba ya kunyanyua vyuma mara kadhaa kwa wiki, na muda mfupi baadaye wanaingia majini na misuli inayotetemeka. Mikono inakuwa mizito, ule wepesi wa kuyashika maji unapotea. Juu ya hayo, mashindano ya vyuo viwili viwili ya majira ya kupukutika majani huogelewa katikati ya mazoezi mazito, bila kupumzishwa. Kocha hakukusudia uwe mwepesi siku hiyo. Mazoezi hupunguzwa kwa makusudi kuelekea ubingwa wa kanda mwezi Februari, na kwa wanaofuzu, ubingwa wa taifa mwezi Machi. Ubao wa Novemba unaonyesha uchovu wako kwa usahihi wa sehemu ya mia ya sekunde, basi.

Muulize kocha swali lenye jibu: wiki hizi unataka nione nini kimebadilika? Huenda akakuambia hesabu mateke yako chini ya maji baada ya kugeuka, au mara unazozungusha mikono kwa kila urefu wa bwawa. Hivyo vinaweza kuwa bora hata muda ukiwa mbovu.

Ila si kila uchovu ni wa kuvumilia. Uchovu usiopungua hata baada ya siku za mapumziko, maumivu ya bega yanayokuamsha usiku, homa za mara kwa mara: hayo ni ya kumwona daktari wa timu, na mapema. Wageni huyaficha kwa kuogopa kupoteza nafasi, kisha hupoteza msimu mzima.

"Mwogeleaji anaweza kula chochote"

Anaweza kula kingi. Shida ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni kukosa: mazoezi yanaanza saa 12 asubuhi, darasa linafuata papo hapo, na bwalo limefungwa unapotoka maabara. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilianza kutumia jina la upungufu wa nishati katika michezo, hali ambapo mwili hupokea chakula kidogo kuliko unachotumia hadi mifupa, homoni na kinga vikaanza kudhurika. Kwa wasichana, hedhi kukatika si dalili ya kuwa fiti, hata kama dada fulani wa timu anasema ni kawaida. Weka chakula kwenye mkoba. Na usingizi wa saa 7 hadi 9 ni kipimo cha mtu mzima wa kawaida. Wewe umeamka gizani ukaogelea kilomita kadhaa.

"Wenzangu wote wana skolashipu kamili"

La. Divisheni ya III haitoi skolashipu za michezo kabisa, wala vyuo vya Ivy League, lile kundi la vyuo vikuu vinane vya zamani. Kwingineko, kuogelea kwa miaka mingi kulikuwa mchezo ambao fedha zake hugawanywa vipande vipande kati ya wanatimu.

"Timu ndiyo familia, sihitaji wengine"

Timu ni baraka kubwa: siku ya kwanza una watu ishirini wa kula nao. Lakini hao hao mnagombea nafasi moja ya safari. Siku uliyoogelea vibaya, kuwa na rafiki mmoja wa darasani asiyejua tofauti ya yadi na mita ni nafuu ambayo hakuna kocha anayeweza kukupa.

"Msimu ukiisha, nimemaliza"

Idadi ya wanaopelekwa kwenye ubingwa wa kanda ina kikomo, na wengi wa mwaka wa kwanza huachwa. Msimu wao unaisha Februari mapema. Saa za lazima zinashuka hadi 8 kwa wiki, na mtu aliyeishi kwa filimbi tangu Agosti anajikuta na alasiri tupu. Wengine hulala. Wengine huanza kukosa vipindi, kwa sababu hakuna tena anayewaamsha. Na Divisheni ya I inataka uwe na krediti 24 za mihula miwili kabla ya kuanza mwaka wa pili, la sivyo kwenye mashindano utakuwa mtazamaji. Aliyeacha somo moja vuli kwa sababu ya safari hana budi kulifidia kati ya Februari na likizo ndefu, katika zile alasiri tupu.