Kuondoa vinyama na vidoa vya ngozi kwa ajili ya urembo: maana yake

Mtu anaweza kuishi hadi uzeeni na kinyama kidogo kinachoning'inia shingoni, na kisimdhuru hata siku moja. Lakini kinanaswa na mkufu, kinamkera kila akijitazama kwenye kioo, naye anataka kiondoke. Kukitoa kinyama hicho ndiko kunakoitwa uondoaji wa urembo: kazi ya kuondoa kwenye ngozi kitu ambacho afya haidai kitolewe, ila mwenye ngozi hakitaki.

Neno "urembo" hapa halimaanishi kwamba mtu anajishaua. Ni neno la kutenganisha mafungu, na mara nyingi ndilo linaloamua nani analipa, maana bima nyingi hugharimia tiba na si mwonekano. Mpaka wenyewe hauko imara. Kinyama kile kile kikianza kutoka damu kwa kusuguliwa na kola, daktari anaweza kukihamishia kwenye fungu la tiba.

Vinavyoondolewa ni vya aina nyingi. Vinyama laini vyenye kikonyo huota mahali ngozi inaposuguana: shingoni, makwapani, kwenye kinena na chini ya matiti. Huongezeka kwa wajawazito, kwa watu wanene na kwa wenye kisukari, kwa hiyo aliyejaa vinyama vingi ghafla aitumie safari yake kwa daktari kupimwa na sukari. Kuna mabaka madogo ya manjano kwenye kope, ambayo ni mafuta yaliyojikusanya chini ya ngozi. Nayo ni sababu nzuri ya kupima kolesteroli. Kuna uvimbe wa mafuta unaoteleza ukiubonyeza, na vidoa vyekundu vya mishipa midogo ya damu.

Halafu kuna vile vipele vyeusi vidogo, visivyowasha, vinavyotawanyika mashavuni na pembeni mwa macho kwa watu wenye ngozi nyeusi. Wengi huanza kuviona ujanani, na kwa kawaida mama au baba anavyo pia. Daktari wa Kiitaliano, Aldo Castellani, alivieleza mwaka 1925 na kuvipa jina la Kilatini linaloviita ugonjwa wa ngozi. Jina limedumu, ingawa ugonjwa haupo.

Chunjua ni jambo jingine. Zinafanana na vinyama, lakini huletwa na virusi, na mtu akizikata au kuzinyoa kwa wembe anaweza kuzisambaza. Pengine ndipo ilipotoka ile imani kwamba ukikata kimoja vitaota kumi. Kwa chunjua imani hiyo ina chembe ya ukweli; kwa vinyama vya kawaida haina. Kinyama kilichotolewa vizuri kwa nadra hurudi pale pale, ila vingine huweza kuota kando, kwa sababu ngozi ni ile ile.

Dhana nzima imesimama juu ya maneno "visivyo na madhara", na mtu hawezi kujithibitishia hilo mwenyewe kwenye kioo. Kidoa cheusi chenye nusu mbili zisizolingana, kingo zisizo nyoofu, rangi zaidi ya moja, upana unaozidi milimita 6, na hasa kile kinachobadilika, kinahitaji uchunguzi kabla ya kuguswa. Kwa watu weusi saratani ya seli za rangi ni nadra, lakini ikija hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Ndiyo maana kidoa chenye shaka hukatwa na kupelekwa maabara, hakichomwi. Ukikichoma kwa leza umechoma na ushahidi.

Njia za kuondoa si nyingi. Kinyama chenye kikonyo hukatwa kwa mkasi baada ya ganzi kidogo, kazi ya dakika chache. Vipele vidogo huchomwa kwa ncha ya umeme, hukwanguliwa au hupigwa leza. Uvimbe wa mafuta hupasuliwa na kushonwa. Njia nyingine ni kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na hiyo ndiyo ningemshauri mwenye ngozi nyeusi aiulizie mara mbili. Seli zinazotengeneza rangi hufa kwa baridi ya nyuzi kama 5 chini ya sifuri, wakati seli nyingine za ngozi hustahimili hadi nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi. Kwa hiyo kipele kinaweza kuondoka na rangi ikaondoka nacho, kikabaki kidoa cheupe kinachoonekana kwa mbali kuliko kile cheusi kilichokuwapo.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, kwa maoni yangu. Katika upasuaji wa kuokoa maisha, kovu ni bei ambayo kila mtu huikubali. Katika urembo, alama yoyote inayobaki ni hasara tupu. Mwenye historia ya makovu yanayofura na kukua kupita jeraha lenyewe aseme mapema, hasa kama kinachotolewa kiko kifuani, begani au kwenye ndewe ya sikio. Na mtoa huduma makini hujaribu vipele viwili vitatu mahali pasipoonekana sana, akasubiri wiki kadhaa, ndipo amalize uso.

Dawa za kupaka zinazouzwa kama kiondoa vidoa nyingi ni tindikali. Haziwezi kubagua kati ya kinyama na ngozi iliyo chini yake. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijaidhinisha hata moja ya kuuzwa bila cheti cha daktari kwa ajili ya vinyama au vidoa vyeusi vya asili. Uzi wa kufunga kikonyo hufanya kazi wakati mwingine, na wakati mwingine huleta usaha.

Baada ya kuondolewa, usoni hutokea kigaga kinachodondoka chenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kisibanduliwe. Mafuta mazito ya kupaka hukilainisha, na kofia au krimu ya kukinga jua huzuia mahali pale pasiwe peusi kupita kiasi. Weusi huo ukitokea hufifia, lakini huweza kuchukua miezi.