Rangi Ilitiwa Baadaye: Dhana Potofu Kuhusu Picha Zilizochongwa za Miji ya Marekani

Juzi tena. Mteja kaniletea mandhari ya New Orleans, kurasa mbili za gazeti la Harper's Weekly zilizofunguliwa zikawa picha moja. Mto umepakwa buluu, mapaa mekundu, anga la waridi, na fremu ya dhahabu juu yake. "Fundi, hebu tazama rangi zilivyodumu miaka mia na sitini!" Nikavuta pumzi. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo, na kila ninayemwambia ukweli hunitazama kama vile nimemwibia.

Dhana yenyewe ni hii: picha ikiwa na rangi, basi ilitoka kiwandani na rangi, tena hiyo ndiyo bora kuliko nyeusi.

Sivyo. Harper's Weekly lililoanza New York mwaka 1857, Frank Leslie's la 1855 na Ballou's Pictorial la Boston yalichapa picha zao kwa wino mweusi. Mchongaji alikata ubao ili mistari inayotakiwa ibaki imeinuka, kama muhuri wa ofisini. Ubao huo, au bamba la metali lililonakiliwa kutoka kwake, uliweza kufungwa pamoja na herufi za risasi, vikapakwa wino uleule na kupigwa chapa kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana ukigeuza picha nyuma mara nyingi unakuta riwaya ya mfululizo au habari za Bunge. Gazeti lilitoka kila wiki, na Harper's lilipita nakala laki moja. Nani angekaa na brashi kupaka laki moja kabla ya Jumamosi?

Rangi zililetwa na wauzaji wa picha, wengi wao katika karne ya 20. Waliona kuwa mwenye sebule hununua haraka chenye rangi kuliko cheusi. Wakayafumua magazeti, wakatoa kurasa zenye miji, wakazipaka rangi za maji na kuzitia fremu. Kupaka si dhambi, na wako waliokuwa na mkono mzuri kweli. Kinachonikera ni kile kikaratasi nyuma ya fremu kinachosema "rangi ya asili", na mtu kukilipia.

Ushahidi uko kwenye karatasi yenyewe. Tafuta mkunjo wa katikati. Gazeti lilikaa limekunjwa miaka mingi, na pale nyuzi za karatasi zikavunjika. Karatasi iliyovunjika hunywa maji kama sponji, kwa hiyo rangi iliyopakwa baadaye huzama mle na kuacha mstari mzito zaidi kando ya mkunjo. Kama rangi ingekuwa ya tangu mwanzo, mkunjo ungeikwangua na kuacha mstari uliopauka. Dakika mbili na kioo cha kukuzia cha mara kumi, kesi imekwisha. Angalia pia madoa ya unyevu: rangi iliyolala juu ya doa imekuja baada ya doa.

Kwa picha zilizochongwa kwenye bamba la feleji, yaani chuma kigumu, badala ya ubao, hasara ya kupaka rangi ni kubwa zaidi. Chukua zile za mchoraji William Henry Bartlett katika American Scenery, zilizotolewa London na George Virtue na kukamilika kama vitabu mwaka 1840. Mchongaji alilijenga anga kwa mistari myembamba sana, mara nyingi kwa mashine ya kupigia mistari, ikakaribiana pale penye wingu zito na kuachana pale penye mwanga. Mwanga wote wa picha umo kwenye nafasi kati ya mistari hiyo. Kupaka buluu juu yake ni kutia sukari kwenye pilau.

Nako kuna za kweli zenye rangi. Mandhari za Philadelphia za William Birch, za mwaka 1800, ziliuzwa nyeusi au zimepakwa kwa mkono, mnunuzi alichagua. Wachapaji Currier & Ives walikuwa na wanawake waliokaa mezani, kila mmoja na rangi yake, karatasi ikipita mkono hadi mkono; lakini hizo ni litografia, yaani zilichorwa juu ya jiwe na kuchapwa kutoka humo, hazikuchongwa. Baadaye zikaja litografia zilizochapwa rangi moja kwa moja. Kwa hizi rangi ni sehemu ya kazi na haiguswi. Nasema hivi kwa sababu mteja mmoja, baada ya kunisikiliza vizuri, alikwenda nyumbani kumwosha Currier & Ives wake kwa spiriti. Jamani, msioshe kitu.

Tuendelee na dhana nyingine potofu, hizi hazinichoshi kiasi hicho.

"Mstari mweupe angani ni mpasuko, niuzibe." Usiuzibe. Mti wa boksi, uliopendwa kwa ugumu wake, ni mwembamba, na mchongaji alikata kwenye kichwa cha gogo, si ubavuni. Ili kupata picha ya kurasa mbili ilibidi vipande vingi viungwe kwa parafujo. Mchoro ukishachorwa, vipande vilifunguliwa na kugawanywa kwa wachongaji kadhaa, usiku kucha kama habari ilikuwa ya moto, kisha vikaungwa tena. Chicago ilipoungua Oktoba 1871, ingechongwaje kwa wakati kwa mkono mmoja? Ule mstari mweupe ni kiungo cha vipande, na mimi nikiuona nafurahi.

"Aliyechonga aliuona mji." Mara chache. Bartlett alisafiri Marekani kweli na kuchora, lakini mabamba yake yalichongwa Uingereza na watu waliofanya kazi kutoka kwenye michoro yake tu. Wengine walichonga kutoka kwenye fotografia, na wengine walinakili picha ya mwenzao waziwazi. Ukikuta picha mbili zenye mtumbwi uleule na wavuvi walewale, usiseme wavuvi walirudi.

"Ilivyo kwenye picha ndivyo mji ulivyokuwa." Hapa huwa natoa mfano wa mnara wa Washington. Jiwe la msingi liliwekwa 4 Julai 1848, ujenzi ukakwama miaka ya 1850 ukabaki kisiki kwa zaidi ya miaka ishirini, ukamalizika 1884. Lakini zipo picha za miaka ya 1850 zinazouonyesha umekamilika, tena umezungukwa chini na duara la nguzo kama alivyobuni msanifu wake, Robert Mills. Nguzo hizo hazikujengwa kamwe. Mchapaji hakutaka picha yake ichakae mapema, akachonga mpango wa msanifu badala ya jengo.

Moshi nao ulikuwa fahari, kila bomba la kiwanda likapewa wingu lake. Mimi picha za viwanda vya pamba vya Massachusetts nazitazama kwa jicho jingine, maana huko ndiko lilikotoka lile shuka la merikani lililojaa Unguja na kuingia bara kwa mizigo ya kichwani. Lowell iliendeshwa hasa na maji ya mto Merrimack, kwa hiyo moshi mwingi hapo nautilia shaka. Kiwanda cha Naumkeag cha Salem kilikuwa cha mvuke. Moshi wake ni halali.

"Zile za mji kutoka angani zilichorwa kwenye puto." Hapana. James Wallace Black aliipiga fotografia Boston akiwa kwenye puto mwaka 1860, lakini wachoraji kama Albert Ruger na Thaddeus Fowler walitembea kwa miguu mtaa baada ya mtaa, wakichora kila nyumba, kisha wakazipanga juu ya ramani iliyolazwa kimshazari. Na tena, nyingi ni litografia. Msiziite michongo.

"Imeandikwa 1872, basi ilichapwa 1872." Ule mwaka ulio chini ni wa kusajili haki ya kuchapa. Bamba la feleji lilistahimili maelfu ya nakala, likauzwa na kutumika tena. Picha za kitabu Picturesque America cha William Cullen Bryant zilitoka 1872 hadi 1874, na zikatolewa upya miaka ya 1890. Tazama karatasi kwanza, mwaka baadaye. Na kama chini ya kioo unaona vitone vilivyojipanga safu, hiyo ni nakala ya mashine, hata ikinukia vumbi la mababu.

"Ni ya kale, basi ni ghali." Nimeshataja laki moja kwa wiki.

Yule wa New Orleans hatimaye aliniachia picha yake. Rangi sikuigusa. Nilichotoa ni kadibodi ya kahawia iliyokuwa nyuma, inayounguza karatasi kwa asidi yake, na selotepu nne pembeni. Selotepu zilinichukua siku mbili.