Kim Min-ki, mwimbaji aliyewaandikia wengine

Mtajie mtu muziki wa Korea, atakutajia vikundi vya vijana wanaocheza kwa mpangilio. Mimi ninayefundisha historia ya muziki huanza na gitaa na sauti nzito isiyo na haraka: Kim Min-ki, santuri ya 1971.

Alizaliwa mjini Iksan, Korea Kusini, mwaka 1951, Vita vya Korea vikiendelea, kitindamimba wa watoto kumi. Baba yake, daktari, aliuawa kabla yeye hajazaliwa. Mama alikuwa mkunga. Mwaka 1969 akaingia Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul kusomea uchoraji, na mwaka uliofuata akatunga "Achim Isul", yaani umande wa asubuhi.

Nausisitiza wimbo huu kwa sababu hauna neno hata moja la siasa. Mtu amekesha, anaona umande majanini, anapanda kilima, jua linachomoza jekundu juu ya makaburi, naye anayaacha majonzi yake na kushika njia ya nyikani. Muziki nao unafuata safari hiyo. Nusu ya kwanza sauti inakaa chini, karibu na mazungumzo. Kisha inapanda, na mwishoni hata asiyejua kuimba hujikuta amepaza sauti. Ni wimbo uliotungwa kwa kifua cha mtu wa kawaida. Mwimbaji Yang Hee-eun aliurekodi mwaka 1971, na sauti yake angavu ndiyo iliyoufikisha majumbani.

Serikali ya Park Chung-hee, rais wa kiimla wa Korea Kusini, iliwahi kuupa tuzo kama wimbo wenye maadili mema. Mwaka 1975 serikali hiyohiyo ikaupiga marufuku. Inasemekana tatizo lilikuwa lile jua jekundu, kwamba eti ni Kim Il-sung, kiongozi wa Korea Kaskazini. Kwa maoni yangu, udhibiti ndio uliougeuza kuwa wimbo wa mapambano. Mtunzi mwenyewe hakuuandika kwa nia hiyo. Julai 1987, kwenye mazishi ya Lee Han-yeol, mwanafunzi aliyepigwa na kopo la gesi ya machozi kwenye maandamano ya kudai demokrasia, umati uliofurika mbele ya jengo la manispaa ya Seoul uliuimba kwa pamoja.

Kim alikuwa amekwisha kuliacha jukwaa zamani. Alifanya kazi kiwandani, akalima, akashuka hadi kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Wimbo wake "Sangnoksu" ulitungwa kwa ajili ya harusi ya pamoja ya wafanyakazi wenzake. Mwaka 1978 akatoa kwa siri "Gongjang-ui Bulbit", mchezo wa nyimbo kuhusu wafanyakazi wa kiwandani, ukasambazwa kwa kaseti. Upande mmoja wa kaseti una nyimbo, wa pili una ala tupu, ili wafanyakazi waimbe wenyewe. Ukiniuliza kazi yake kubwa ni ipi, nitakutajia upande ule wa pili.

Machi 1991 alifungua ukumbi mdogo wa Hakchon, mtaa wa Daehangno, Seoul. Hapo Kim Kwang-seok, kipenzi cha muziki wa gitaa wa kizazi kilichofuata, alifanya maonyesho yasiyohesabika. Hapo pia, tangu 1994, ulichezwa "Jihacheol 1 Hoseon", mchezo wa treni ya chini ya ardhi alioutohoa kutoka ule wa Grips Theater ya Berlin na kuuhamishia Seoul. Wapenzi wa filamu za Kikorea wanawajua Sul Kyung-gu na Hwang Jung-min; wote wawili walipitia mchezo huo. Kim aliwapa waigizaji mikataba ya maandishi na mgawo wa mapato, jambo ambalo halikuwa kawaida kwenye kumbi ndogo. Mwaka 2008, mchezo huo ukiwa umechezwa mara 4,000 na bado unaingiza watu, akausimamisha ili ashughulikie michezo ya watoto, ambayo kila mtu alijua haina faida.

Hakchon ilifungwa Machi 2024, huku madeni na saratani ya tumbo vikimwandama. Alifariki tarehe 21 Julai mwaka huohuo, akiwa na miaka 73. Mwezi huo ukumbi ulifunguliwa tena kwa jina jipya, ukiwa ukumbi wa michezo ya watoto.