Jinsi ya kupata pH ya mchanganyiko wa asidi kali na besi kali

Mtu akipewa mmumunyo wa asidi wenye pH 1 na mmumunyo wa besi wenye pH 12, kisha akaambiwa achanganye lita moja ya kila mmoja, huvutika kujumlisha namba hizo mbili, kugawa kwa 2 na kujibu kwamba pH mpya ni 6.5. Jibu sahihi ni 1.35 hivi, yaani mchanganyiko huo ungali asidi ya kuogopwa. Tofauti kubwa namna hiyo inatokana na maana yenyewe ya pH, kwa hiyo ni afadhali kuanzia hapo kuliko kukariri hatua za hesabu.

Kipimo hiki kilipendekezwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen. Kwa namna kinavyotumika katika hesabu za kawaida, pH ni logi ya msingi wa 10 ya ukolezi wa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za hidrojeni, ikiwa imegeuzwa alama; na ukolezi ni idadi ya moli, yaani kipimo cha kuhesabia chembe ndogo kama ioni, zilizomo katika kila lita ya mmumunyo. Ukolezi wa 0.1 hutoa pH 1, ule wa 0.01 hutoa pH 2, na kila pH inapopanda kwa 1 ioni za hidrojeni huwa zimepungua mara 10. Kwa kuwa pH ni logi, wastani wa pH mbili hauelezi chochote kuhusu kilichomo ndani ya chombo. Vinavyokutana humo ni ioni, nazo huhesabiwa kwa moli.

Asidi huitwa kali pale ambapo karibu molekuli zake zote huachana na ioni za hidrojeni zikishaingia majini, kama ilivyo kwa asidi ya hidrokloriki na ya nitriki. Besi kali, kama hidroksidi ya sodiamu au ya potasiamu, nayo huachilia ioni zake zote za hidroksidi. Zikichanganywa, kila ioni moja ya hidrojeni huungana na ioni moja ya hidroksidi na kuwa molekuli ya maji, ilhali sodiamu na kloridi hubaki zikielea bila kuhusika. Hesabu yote, basi, ni kutoa kidogo kutoka katika kikubwa na kuangalia ni upande gani umebaki na ziada.

Tuchukue mililita 50 za asidi ya hidrokloriki yenye ukolezi wa 0.20, na mililita 30 za hidroksidi ya sodiamu yenye ukolezi wa 0.25. Asidi inaleta moli 0.0100 na besi inaleta moli 0.0075, hivyo zinabaki moli 0.0025 za ioni za hidrojeni. Hapa ndipo wengi huteleza: moli hizo sasa zimetawanyika katika mililita 80, wala si katika zile 50 za mwanzo. Tukigawa 0.0025 kwa lita 0.080 tunapata 0.03125, na pH yake ni 1.51.

Ziada ikiwa ya besi, tunapata kwanza pOH, yaani logi ya hidroksidi iliyogeuzwa alama, kisha tunaitoa katika 14. Na asidi ikiwa na hidrojeni mbili za kutoa, kama ilivyo ya sulfuriki, moli zake huzidishwa kwa 2. Mililita 10 za asidi hiyo yenye ukolezi wa 0.10, zikitiwa katika mililita 40 za hidroksidi ya sodiamu yenye ukolezi uleule, huondoa moli 0.0020 kati ya 0.0040, ziada ya 0.0020 katika lita 0.050 ni 0.040, pOH ni 1.40 na pH ni 12.60. (Hidrojeni ya pili ya asidi ya sulfuriki haitoki kwa wepesi kama ya kwanza, lakini penye besi ya ziada hutoka yote.)

Jambo la kushangaza zaidi hutokea pale pande mbili zinapokaribia kulingana. Mililita 100 za asidi yenye ukolezi wa 0.1, zikiongezewa mililita 99.9 za besi yenye ukolezi huohuo, zina pH 4.30, besi ikifika mililita 100.1, pH inakuwa 9.70. Mililita 0.2, ambazo ni kama matone manne, zimevuka zaidi ya vipimo vitano.

Pande zikilingana kabisa, pH ni 7, lakini kwa nyuzi 25 za Selsiasi tu. Mchanganyiko huo hujipasha moto wenyewe, kwani kila moli ya maji inayoundwa hutoa takriban kilojuli 57. Kwa nyuzi 50, maji yasiyo asidi wala besi huwa na pH 6.63, na hata ile 14 ya kutolea hupungua. Vilevile, ziada ikiwa ndogo mno, ioni za maji yenyewe haziwezi kupuuzwa tena: asidi yenye ukolezi wa 0.00000001 haina pH 8, kana kwamba imegeuka besi, bali 6.98.