Sholokhov na yale mnayomsingizia

Kila nikimtaja Mikhail Sholokhov, mwandishi wa Kirusi wa enzi za Usovieti, lazima atokee mtu aniulize "huyo si ndo yule aliyeiba kitabu?", mwingine anadakia kwamba alikuwa kipaza sauti cha Stalin, mtawala wa Usovieti, tu, basi mazungumzo yanafia hapo. Inaniuma, maana wengi wao hata kurasa kumi za Tikhiy Don, riwaya yake kubwa kuhusu watu wa mto Don kusini mwa Urusi, hawajazigusa.

Tuanze na huo wizi, yaani madai kwamba Tikhiy Don hakuiandika yeye. Tetesi zilikuwepo toka mwanzo kabisa, na mi naelewa kwa nini. Sehemu mbili za kwanza za riwaya hiyo zilitoka 1928 kwenye jarida la Oktyabr, kijana ana miaka 22, shule hakumaliza, sasa watu wakauliza haya ya Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 kayajulia wapi wakati kipindi hicho alikuwa mtoto? Ikasemwa kaokota mswada wa ofisa aliyekufa wa jeshi la Weupe, wale waliopigana na wakomunisti (Wekundu) kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Urusi, baadaye wakashikilia ni wa Fyodor Kryukov, mwandishi aliyefariki 1920, na Solzhenitsyn, yule mwandishi mkubwa wa Kirusi, akaunga mkono hizo shaka. Lakini 1929 komisheni ya waandishi ilikagua miswada yake ikamsafisha. 1984 Geir Kjetsaa, msomi wa Norway, na wenzake wakatoa utafiti, walichambua maandishi kwa kompyuta, urefu wa sentensi na mpangilio wa maneno, yakaendana na Sholokhov na si Kryukov. Halafu 1999 taasisi ya fasihi ya Gorky kule Moscow ikanunua mswada wenyewe, zaidi ya kurasa 800, nyingi kwa mwandiko wake, zimekatwakatwa na kusahihishwa, ulikuwa umehifadhiwa miaka yote na familia ya rafiki yake aliyekufa vitani. Wapo wanaobisha mpaka leo, ila mtu anayenakili cha mwenzie hahangaiki na sentensi kiasi kile.

Wengine wanadhani alikuwa Mkosaki, yaani wa ile jamii ya wapanda farasi wapiganaji anayoiandika kwenye riwaya. Hapana, alizaliwa 1905 kwenye ardhi ya Wakosaki karibu na Vyoshenskaya, ila baba yake alitoka familia ya wafanyabiashara wa Ryazan na mama yake alitoka familia ya wakulima wa Kiukraine. Huyo mama hakujua kusoma, alijifunza ukubwani ili aweze kumwandikia barua mwanae alipokuwa mbali shuleni. Mi hapo huwa nanyamaza kidogo.

Na Nobel ya fasihi je? Watu wanachanganya na Pasternak, mwandishi mwingine wa Kisovieti aliyelazimishwa kuikataa 1958. Sholokhov aliipata 1965, akaenda Stockholm akaichukua, serikali yake ikafurahi.

Sasa hili la Stalin ndo lina mambo mengi. Aprili 1933, njaa imewakamata watu wa Don, nafaka yote imekombwa, Sholokhov akamwandikia Stalin moja kwa moja, akaeleza wakulima wanavyopigwa na kuvuliwa nguo kwenye baridi ili waseme walikoficha ngano, familia zinatupwa nje na majirani wamekatazwa kuwapokea, akasimulia mama aliyezunguka usiku kucha akiomba hifadhi mpaka mtoto akafa kwa baridi mikononi mwake. Kuandika vile mwaka ule ilikuwa kuchezea shingo yako. Nafaka ikatumwa, japo Stalin alimjibu kwamba hao wakulima ndo wanaohujumu. Kwa hiyo kipaza sauti siyo. Ila na malaika siyo: 1966 kwenye mkutano mkuu wa chama aliwashambulia Sinyavsky na Daniel, waandishi wenzie waliokuwa wameshafungwa, akalalamika kwamba adhabu yao ni ndogo. Hilo simtetei, na wala nisingependa mtu alitetee.

Mwisho ni wale wanaosema uhalisia wa kijamaa, mtindo rasmi wa fasihi ya Kisovieti, maana yake shujaa lazima awe mkomunisti safi anayeshinda. Grigory Melekhov, shujaa wa Tikhiy Don, anahama kwa Wekundu, anarudi kwa Weupe, anahama tena, mpaka anapoteza karibu kila mtu, anatupa silaha zake mtoni, anarudi nyumbani kwa mwanae na kitabu kinaishia hapo. Fadeyev, mwandishi wa Kisovieti mwenye sauti kubwa, alishamwambia Sholokhov 1930 amfanye Grigory awe mtu wa Wekundu, la sivyo kitabu hakitachapwa. Sholokhov akakataa, akasema bora kisichapwe kabisa, na alipomaliza sehemu ya mwisho 1940 Grigory alikuwa bado si Mbolsheviki, yaani si mkomunisti.